Mtoto wa kulea na ndugu wa ng'ambo: sheria huanzia pale unapoishi

Hapa kwetu Pwani ni nadra kuikuta nyumba ambayo haijawahi kuwa na mtoto wa kulea. Mmoja ni mjukuu aliyeachiwa bibi, mwingine ni mwana wa ndugu aliyefariki, mwingine amepewa khalati ambaye hakujaliwa kupata wake. Hakuna aliyekwenda mahakamani. Wazee walikaa, wakazungumza, fatiha ikasomwa, mtoto akahama na nguo zake. Utaratibu huo umelea vizazi na vizazi, na mimi si wa kuubeza.

Shida huanza pale yule aliyepewa mtoto anapoishi Leicester, Minneapolis au Maskati. Kila msimu wa likizo, ndugu zetu wanaporudi nyumbani, nasikia swali lile lile: "Nataka kumchukua mwana wa marehemu dada yangu nikaishi naye huko. Nianzie wapi?" Wengi wanadhani jibu liko kwa wakala wa tiketi au kwenye dirisha la ubalozi. Liko mapema zaidi ya hapo. Kabla ya jambo lolote jiulize: kisheria mimi ni mkaazi wa wapi, mtoto ni mkaazi wa wapi, na ninachokitaka hasa ni kumwasili au ni kumlea?

Anayeruka maswali hayo huja kulipa, na mara nyingi anayelipa ni mtoto. Chukua mfano wa kijana aliyepelekwa ng'ambo akiwa na miaka minane kwa viza ya matembezi, akasoma huko, akasahau hata njia ya nyumbani kwao. Siku anapotimiza miaka 18 na kutaka kuingia chuo, anaambiwa hana haki ya kuishi pale. Aliyemchukua alimpenda kweli. Mapenzi hayo hayakuandikwa mahali popote.

Maneno matatu yanayochanganywa

Kuasili ni amri ya mahakama inayokata uzazi wa kisheria wa awali na kuanzisha mpya. Baada ya amri hiyo, machoni pa sheria mtoto ni wako kana kwamba umemzaa.

Ulezi wa kisheria ni mamlaka ya kumtunza mtoto na kumwamulia mambo yake mpaka atimize miaka 18. Wazazi wake wanabaki kuwa wazazi wake, na jina lake linabaki lake.

Kafala ni njia yetu Waislamu: unamchukua mtoto asiye na wa kumtunza, unamlisha, unamsomesha, unamlinda kama wako, lakini nasaba yake haiguswi. Msingi wake unajulikana na kila aliyepita madrasa. Suratul Ahzab, aya ya 4 na ya 5, ilikuja kufuta desturi ya kumwita mtoto wa kulea kwa jina la aliyemlea, na ndipo Zaid aliyekuwa akiitwa bin Muhammad akarudi kuitwa Zaid bin Haritha. Mapenzi baina yake na Mtume hayakupungua kwa hilo.

Kafala si jambo la pembeni katika sheria za dunia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 20, unaitaja kwa jina lake kama njia mojawapo ya kumtunza mtoto aliyekosa familia. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 nayo inaitambua. Ila kutambuliwa kama malezi ni jambo moja, na kuhesabiwa kuwa kuasili ni jambo jingine. Hapo ndipo wengi wetu hukwama.

Kenya inataka nini

Kuasili hapa Kenya ni kazi ya Mahakama Kuu. Chifu hawezi kutoa amri hiyo, imamu hawezi, na Mahakama ya Kadhi pia haiwezi. Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Barua yake ina uzito wake, lakini ukiipeleka ubalozini kama hati ya kuasili utarudishwa nayo.

Mambo ya msingi ni haya. Mtoto awe ametimiza angalau wiki sita, na shirika la kuasili lililosajiliwa liwe limethibitisha kwamba yuko huru kuasiliwa. Anayeomba kwa kawaida awe na miaka 25 au zaidi, amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, na asiwe amefika 65. Ndugu wa damu hulegezewa masharti hayo ya umri. Mahakama humteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto ndani ya kesi, na kesi husikizwa faraghani. Amri ikitoka, Msajili huiandika katika daftari la watoto walioasiliwa na kutoa cheti.

Kisha lipo sharti la ukaazi, ambalo watu wa ng'ambo hulisikia wakiwa wamechelewa. Mtoto lazima awe amekaa chini ya uangalizi wako, hapa Kenya, kwa miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi kupelekwa mahakamani. Likizo ya wiki tatu haitoshi. Kumtumia mamake mkubwa pesa za matumizi kila mwezi, ingawa ni jambo la thawabu, hakuhesabiwi kuwa ni kukaa naye. Watu wa ustawi wa jamii wanataka kuona unavyoishi na mtoto huyo: analala wapi, anaamka saa ngapi, akikuona anakimbilia wapi.

Tena, Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha kuasiliwa kwa watoto wa Kenya na wageni, kwa hofu ya biashara ya watoto. Ikiwa una pasi ya nchi nyingine, au mwenzako si Mkenya, peleka hali yako kwanza kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo au kwa Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto, upate jibu kwa maandishi kabla ya kumlipa wakili hata shilingi.

Upande wa pili wa mpaka

Kwa watu wa Vanga, Shimoni na Tanga mpaka ni mstari kwenye ramani. Shangazi yuko huku, mtoto yuko kule, na mashua ni ya saa chache. Sheria haioni hivyo. Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya 2009, asiye raia anayetaka kumwasili mtoto wa Kitanzania anatakiwa awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo, na awe amemlea mtoto huyo kwa kipindi cha majaribio chini ya jicho la afisa ustawi. Mkenya ni mgeni kule kama mgeni mwingine yeyote, Jumuiya ya Afrika Mashariki au la.

Zanzibar ina sheria yake ya watoto, ya 2011, ambayo pamoja na kuasili imeweka kafala. Kwa hiyo mwenye mtoto Pemba asichukue maelezo ya Dar es Salaam akadhani yanamhusu.

Uganda nayo, kwa marekebisho ya 2016, humtaka mgeni awe ameishi nchini humo mwaka mmoja na amemlea mtoto kwa mwaka mmoja.

Jambo moja la kuwafaa walioko Mombasa au Kwale: sheria ya Kenya haikujali mtoto kazaliwa wapi, inajali anaishi wapi. Mtoto aliyezaliwa Tanga lakini anayeishi Kenya anaweza kuasiliwa hapa, na kwa kifungu cha 15 cha Katiba, mtoto asiye raia akiasiliwa na raia ana haki ya kuandikishwa uraia akiombewa. Lakini awe ameingia kwa njia halali. Mtoto aliyevushwa usiku bila karatasi huanza kesi akiwa na doa.

Walioko Uingereza

Uingereza haikuulizi una pasi ya rangi gani. Inauliza makazi yako ya kawaida yako wapi. Ili kuomba kuasili, mmoja wenu awe na maskani ya kudumu katika visiwa vile au nyote wawili muwe mmeishi huko kwa kawaida si chini ya mwaka mmoja. Kisha shirika la huko huja nyumbani kwako na kukuchunguza, na serikali hutoa hati kwamba unafaa. Yote haya yawe kabla mtoto hajapanda ndege. Kumwingiza mtoto kwa nia ya kumwasili bila kufuata taratibu hizo ni kosa la jinai, kifungo chake kinaweza kufika miezi 12, na ujamaa wa damu hauondoi kosa.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa watu wetu kwa sababu ya lugha yetu wenyewe. Kwetu binamu wa mama ni mama mdogo, na rafiki wa baba ni ami. Sheria ya Uingereza haiwajui hao. Kwao jamaa wa karibu ni babu na bibi, kaka na dada, mjomba, ami, shangazi na khalati wa damu au wa ndoa, na mzazi wa kambo. Ukiwa nje ya orodha hiyo na ukamweka mtoto wa chini ya miaka 16 nyumbani kwako kwa siku 28 au zaidi, unatakiwa uiarifu halmashauri ya mtaa wako. "Mama mdogo" ambaye kwa hakika ni binamu wa mama anahesabiwa mtu baki.

Kwa Mwislamu anayeishi kule na ambaye hataki kugusa nasaba ya mtoto, ipo amri ya ulezi maalumu, iliyoletwa na sheria ya 2002. Inakupa mamlaka makubwa ya malezi mpaka mtoto atimize miaka 18, na wazazi wake wanabaki kuwa wazazi wake. Muulize wakili wako kuhusu amri hiyo kabla hujakubali kwamba njia ni kuasili pekee.

Walioko Marekani

Hapa masharti ya ukaazi hugongana. Kenya na Marekani zote ziko katika Mkataba wa Hague wa 1993 wa kuasili baina ya nchi. Kwa hiyo raia wa Marekani anayeishi kule lazima apite njia ya mkataba: achunguzwe na kukubaliwa kwao kwanza, kisha mtoto akubaliwe, kisha ndipo amri itoke. Ukianza na mahakama ya Mombasa halafu ukaenda ubalozini na amri mkononi, umetanguliza mkokoteni mbele ya punda.

Mwenye grini kadi ambaye bado si raia hana njia hiyo kabisa. Iliyobaki kwake ni kumwasili mtoto kabla hajafika miaka 16, kisha kuonyesha kwamba amekuwa na mamlaka ya kisheria juu yake na ameishi naye kwa miaka miwili. Lakini ataishi naye wapi? Mtoto hana viza ya kwenda, na mwenye grini kadi akikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea anahatarisha ukaazi wake mwenyewe. Nimewaona watu wakilipigia hesabu jambo hili kwa miezi. Baadhi huamua kusubiri uraia kwanza, wengine mke hubaki Kenya na mtoto. Kila uamuzi una gharama, na ni heri uipige hesabu kabla mtoto hajaambiwa kwamba anaondoka.

Marekani haihesabu kafala kuwa ni kuasili. Hati nzuri ya malezi kutoka kwa Kadhi haitampa mtoto viza ya uhamiaji.

Ghuba na Ulaya

Oman na Saudia, zinazofuata sharia katika mambo ya familia, haziruhusu kuasili kwa maana ya kubadilisha nasaba. Walionako mtoto ni walezi. Na tusichanganye: neno kafala tunalolisikia kila siku kwa dada zetu waliokwenda kufanya kazi huko ni lile la mwajiri kumdhamini mfanyakazi. Neno ni moja, mambo ni mawili. Aliyeko huko kwa udhamini wa nyumba anamofanya kazi hana nafasi ya kumleta mtoto, na asidanganywe na wakala anayemwahidi.

Kwa Umoja wa Ulaya kuna hukumu inayofaa kujulikana. Mnamo 26 Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kesi ya mtoto aliyechukuliwa kwa kafala huko Algeria na mke na mume wenye uraia wa Ufaransa. Ilisema kwamba mtoto wa kafala hahesabiwi kuwa mzao wao wa moja kwa moja, lakini ni mwanafamilia ambaye nchi inapaswa kumrahisishia kuingia baada ya kupima hali yake na maslahi yake. Mlango haukufunguliwa wote, lakini haukufungwa. Kilichomsaidia mtoto yule ni kwamba kafala yake ilikuwa na hati rasmi, iliyotolewa na mamlaka ya nchi yake. Makubaliano ya barazani yasingefika mbali hivyo.

Jina, urithi na uharimu

Wapo wanaosema, "Mimi nitamwasili tu kwa ajili ya karatasi, moyoni najua si wangu." Sina hukumu ya kutoa, hilo ni la wanazuoni. Ninachoweza kusema ni kwamba karatasi zina matokeo. Cheti cha kuasili kitakuandika wewe kuwa mzazi. Ikiwa ni binti, siku ya nikaha ataulizwa walii wake nani, na walii ni wa upande wa baba aliyemzaa. Cheti cha awali kikipotea na wazee wanaojua wakiondoka, nani atasema? Weka nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kwanza mahali salama, na mwambie mtoto ukweli akiwa mdogo.

Urithi pia. Mali ya Mwislamu hapa Kenya hugawanywa kwa sharia, na kifungu cha 2 cha Sheria ya Urithi kimeliweka wazi hilo. Mtoto wa kulea hana fungu katika mirathi yako. Lakini unaweza kumwandikia wasia usiozidi thuluthi moja ya mali, au kumpa hiba ungali hai. Andika. Nyumba nyingi zimevunjika kwa maneno "marehemu alikuwa anasema".

Na uharimu: mtoto aliyenyonyeshwa mara tano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili, kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wetu, huwa mwana wa kunyonya, na mipaka ya stara ndani ya nyumba hulegea. Kwa anayechukua mtoto mchanga, hili lizungumzwe na sheikh mapema.

Kabla ya kukata tiketi

Kwanza, kusanya vyeti. Hapa kwetu maiti huzikwa kabla ya alasiri, tunashukuru, lakini kibali cha mazishi hubaki kwenye droo na cheti cha kifo hakifuatwi. Miaka kumi baadaye mahakama inataka kujua wazazi wako wapi na hakuna cha kuonyesha. Fuata cheti cha kifo cha mzazi aliyefariki, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Pili, linganisha majina. Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye cheti na Mohammed kwenye pasi ni watu watatu mbele ya afisa wa viza. Rekebisha sasa.

Tatu, mzazi aliye hai aulizwe kwa dhati, na ridhaa yake iandikwe mbele ya wakili au afisa wa watoto. Umaskini wa mzazi si ridhaa. Kama anachokosa ni karo, pengine msaada mkubwa zaidi ni kumlipia karo mtoto akabaki na mamake.

Nne, anza na nchi unayoishi. Zungumza na mamlaka za huko kwanza, kisha uje Kenya na majibu yao. Wengi hufanya kinyume, na ndio wanaokwama.

Tano, kama kuasili hakuwezekani, usiache mtoto hewani. Omba ulezi wa kisheria katika mahakama hapa nyumbani, mwachie ndugu unayemwamini, na ufanye kazi ya kumlea kutoka mbali kwa hati inayojulikana.

Sita, muulize mtoto. Mwenye miaka kumi anajua anakotaka kulala. Atakapofika huko, baridi ni yake, shule ngeni ni yake, na lugha ngeni ni yake. Wazee wetu walipokaa kuzungumza juu ya mtoto, naye alikuwapo pembeni akisikia. Sasa kwa kuwa mazungumzo yamehamia kwa mawakili na mabalozi, asiachwe nje ya mlango.